Njia Kwanza, Mayai Baadaye: Kumrudisha Samoni Katika Mito ya Maine

Wazee wetu, shikamooni. Akina mama, kaka na dada zetu, habari za jioni.

Wengi wenu mnaishi Lewiston, Portland na Augusta, na mito ya Androscoggin na Kennebec mnaivuka mkienda kazini. Mito hiyo, pamoja na Penobscot na mito midogo ya pwani ya mashariki, ndiyo makimbilio ya mwisho ya samoni wa Atlantiki katika Marekani nzima. Zamani alipanda mito ya New England yote, yaani majimbo ya pembe ya kaskazini-mashariki ya Marekani, mpaka Connecticut. Leo anazaliana mwenyewe mtoni hapa Maine tu. Mwaka 2000 serikali kuu ilimwingiza kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na mwaka 2009 ulinzi huo ukapanuliwa kufika Penobscot, Kennebec na Androscoggin.

Aliyekulia kandokando ya Kagera au Nzoia anamjua ningu, samaki wa ziwani anayepanda mto kutaga mvua zikishika. Samoni naye ndiye huyo huyo kwa tabia, ila safari yake ni ndefu zaidi. Jike hutaga mayai yapatayo 7,500. Mwishoni mwa Oktoba na Novemba hulala ubavu, huchimba changarawe kwa mkia, hutaga, kisha hufukia mayai sentimita 10 hadi 30 chini. Mayai hukaa humo barafu ikiwa juu yake, huanguliwa Machi au Aprili, na vifaranga hujitokeza juu ya mawe katikati ya Mei. Hapo wanaishi mtoni miaka miwili au mitatu. Wakifika urefu wa sentimita 15 hivi, rangi hugeuka fedha, mwili hujiandaa kwa maji ya chumvi, na kati ya Aprili na Juni huteremka baharini. Samaki wa umri huo anaitwa smolti. Husafiri mpaka pwani ya magharibi ya Greenland, na wengi hurudi baada ya majira mawili ya baridi.

Sasa fanyeni hesabu. Katika mayai 7,500, wakirudi wawili, dume na jike, ukoo haujapungua. Lakini kwa hali ya sasa ya bahari, katika smolti 100 wanaoondoka, hata mmoja kurudi ni shida. Baharini hatuna la kufanya kwa mikono yetu. Mtoni tunalo, na kinachoamua kama jasho letu litazaa kitu ni mpangilio wa kazi: kwanza njia ifunguke, kisha kitanda cha mto kitengenezwe, kisha ndipo mayai. Fedha nyingi zimezama kwa watu kuanza na mayai.

Tuanze na njia, na kwenye njia tuanze na mabwawa. Bwawa la Edwards pale Augusta lilijengwa mwaka 1837 na kubomolewa mwaka 1999, baada ya serikali kuu kukataa kuongeza leseni yake ingawa mwenyewe aliitaka. Ilikuwa mara ya kwanza jambo hilo kutokea Marekani. Kule Penobscot njia ilikuwa nyingine, ya makubaliano. Taifa la Wapenobscot, ambao mto huo ni wao tangu enzi za mababu, walikaa meza moja na serikali, mashirika ya mazingira na kampuni ya umeme, na mwaka 2004 wakatia saini. Mabwawa matatu yalinunuliwa. Great Works likabomolewa mwaka 2012, Veazie mwaka 2013, na pale Howland pakachimbwa mkondo wa kuzunguka bwawa uliokamilika mwaka 2015. Kampuni ikaruhusiwa kuongeza uzalishaji kwenye mabwawa mengine, kwa hiyo umeme haukupungua. Bwawa la Milford, ambalo sasa ndilo la kwanza samaki anakutana nalo akitoka baharini, likawekewa lifti ya samaki mwaka 2014.

Matokeo yanaonekana kwa macho. Heringi wa mtoni, samaki wadogo ambao nao hutoka baharini kupanda mto kutaga, zamani walihesabiwa kwa maelfu tu; sasa wanapita Milford kwa mamilioni. Samoni waliopita hapo mwaka 2023 walizidi 1,500. Lakini tuseme ukweli wote: wengi wa samoni hao walilelewa kwenye kituo cha serikali na kuachiwa mtoni wakiwa smolti. Mto bado haujaweza kujitegemea.

Mtu atauliza, kwa nini mhangaike na heringi wakati mnamtafuta samoni? Kwa sababu wanasafiri pamoja. Smolti wanateremka Mei, heringi wanapanda Mei. Mnandi na fisimaji wakikuta mto umejaa heringi wanene, smolti mwembamba anapita salama. Na lamprei, samaki mrefu kama mkunga ambaye watu wengi wanamchukia, hapa Maine ni mwenyeji: akijenga kiota anahamisha mawe kwa mdomo na kuosha mchanga, kisha anakufa na mwili wake unakuwa mbolea ya kijito. Mahali alipochimba Juni, samoni anapapenda Oktoba.

Ngazi ya samaki au lifti siyo sawa na mto uliofunguliwa. Ili kufika Sandy River, kijito bora cha Kennebec kwa kutagia, samoni ana mabwawa manne mbele yake: Lockwood, Hydro-Kennebec, Shawmut na Weston. Chukulieni kila bwawa linapitisha salama smolti 95 katika 100. Hiyo inasikika kuwa kazi nzuri sana. Zidisheni mara nne: wanabaki 81. Kila bwawa likipitisha 90, wanabaki 66. Na hapo bado hatujahesabu kuchelewa. Smolti ana majuma machache tu ambamo mwili wake uko tayari kwa chumvi. Akisubiri kwenye maji yaliyotuama juu ya bwawa, joto likipanda, utayari huo unapotea. Mpaka sasa samoni wazima wanaofika Lockwood hukamatwa na kupandishwa Sandy River kwa lori lenye tangi. Lori linasaidia kwa leo, lakini halimteremshi smolti.

Mabwawa yanazungumzwa na wakubwa. Kizuizi tulicho na uwezo nacho sisi ni kidogo, na kiko chini ya barabara ya kijijini: kalvati.

Chukueni kijito chenye upana wa mita 3, kina cha sentimita 30, maji yakienda sentimita 60 kwa sekunde. Samaki mdogo anatembea humo bila taabu, maana nyuma ya kila jiwe kuna mahali pa kupumzika. Mbele kuna bomba la chuma lenye upana wa mita 1.2. Maji ni yale yale, njia imebanwa. Kwa kina kile kile, mwendo unapanda kufika mita 1.5 kwa sekunde, na ndani ya bomba hakuna jiwe hata moja la kujibanza. Samaki wa sentimita 10 hawezi kulimaliza bomba la mita 12 hivyo. Halafu maji hayo ya kasi yanapotoka upande wa chini yanachimba shimo. Mwaka baada ya mwaka sakafu ya kijito inashuka, na bomba linabaki likining'inia hewani. Samoni mzima anaweza kuruka. Kifaranga wa mwaka mmoja, ukuta wa sentimita 20 kwake ni mwisho wa safari.

Na vifaranga wanahitaji kupanda kuliko tunavyodhani. Julai na Agosti, mto mkubwa ukipita nyuzi joto 22, samoni wadogo wanaacha kula. Ukikaribia 28 wanakufa. Wanachofanya ni kukimbilia vijito vya baridi, vile vinavyolishwa na chemchemi na kufunikwa na miti. Kijito hicho cha baridi mara nyingi kiko mita mia mbili juu ya kalvati linaloning'inia. Ukisimama pale siku ya joto na kutazama ndani ya shimo la maji chini ya bomba, utawaona wamejipanga vichwa vikielekea juu, mapezi yakitetemeka, wamekwama mbele ya maji baridi wanayoyasikia na hawawezi kuyafikia.

Hapa Maine kivuko kizuri kinapimwa kwa mambo manne: upana, kimo, mteremko na sakafu. Upana wa uwazi uwe mara 1.2 ya upana wa kijito kikiwa kimejaa hadi ukingoni. Kijito cha mita 3, basi mita 3.6. Kimo kilingane na sakafu ya kijito chenyewe kwa umbali mrefu, siyo na shimo lililochimbwa na bomba la zamani. Mteremko na mwelekeo uwe ule wa kijito. Na ndani kuwe na mawe na changarawe kama nje, ili samaki asijue amepita chini ya barabara.

Kupima upana ndiko wengi wanakokosea. Usipime karibu na bomba. Upande wa juu maji yalirudi nyuma na kupanua kingo. Upande wa chini yalichimba. Nenda mbali, mahali ambapo bomba halijaharibu kitu. Tafuta mstari ambapo majani ya kudumu na kuvumwani vinaanza, na mchanga mtupu unaishia. Vuta futi kutoka mstari wa huku hadi mstari wa kule, futi ikiwa imenyooka na usawa. Rudia angalau mara tano sehemu tofauti, uchukue wastani. Kosa la nusu mita hapo unageuka kalvati jingine bovu la miaka hamsini.

Kazi yenyewe inafanyika kati ya katikati ya Julai na mwisho wa Septemba, maji yakiwa machache na hakuna yai kwenye changarawe. Kwanza viroba vya mchanga vinapangwa juu na chini ya eneo la kazi. Samaki wanaondolewa kwa wavu au kwa mashine ya umeme mdogo, inayoshikwa na mwenye kibali tu. Pampu inachukua maji juu na kuyashusha chini, na mdomo wake lazima ufungwe wavu wa matundu madogo, la sivyo itameza vifaranga. Maji machafu ya shimoni hayarudishwi kijitoni. Yanamwagwa msituni yachujwe na majani. Kisha bomba linang'olewa, misingi inawekwa, tao au daraja dogo linakaa juu.

Baada ya hapo ndipo panapoharibika. Fundi anajaza mawe makubwa safi, yanapendeza, anaondoka. Maji yakifunguliwa yanazama yote katikati ya mawe, na juu panabaki pakavu. Sakafu inatakiwa ijengwe kwa tabaka: mawe, kisha changarawe na mchanga na udongo kidogo vinamwagiwa maji kwa mpira mpaka viingie kwenye nyufa zote, kisha tabaka jingine. Unajua imeziba pale maji unayomwaga yanapoanza kutiririka juu badala ya kupotea. Hapo ndipo viroba vya juu vinatolewa, kimoja kimoja, ili mto usije kwa kishindo.

Njia ikifunguka, samaki anafika wapi? Hapa tunaingia kwenye kitanda cha mto, na lazima tujue kilichotokea. Tangu karne ya 19 mito hii ilitumika kusafirishia magogo mpaka viwandani. Mara ya mwisho magogo kuelezwa kwenye Kennebec ilikuwa mwaka 1976. Ili magogo yasikwame, majabali yalilipuliwa kwa baruti au kusukumwa kandoni, miti iliyoanguka ikaondolewa, mikondo ikanyooshwa. Leo ukitembea kwenye kijito cha namna hiyo, ni kama barabara: kipana, kifupi kwa kina, mawe ya ukubwa mmoja, hakuna dimbwi, hakuna changarawe iliyochambuliwa. Samaki hana pa kujificha wala pa kutagia.

Dawa ni kurudisha miti na majabali. Mti ukilala majini, maji yanachimba chini yake na kufanya dimbwi lenye kina na ubaridi. Nyuma yake changarawe inatulia kwa ukubwa wake, na tope linabaki pembeni. Tunatumia miti ya jamii ya msonobari, ambayo inakaa miaka mingi kabla ya kuoza. Tunaiangusha kwa msumeno wa injini, au bora zaidi tunaivuta na mizizi yake kwa winchi ya mkono na kamba ya waya iliyofungwa kwenye mti mwingine imara. Kazi hiyo haitaki katapila wala barabara msituni. Watu watatu wenye winchi, kofia ngumu na subira wanatosha.

Makosa ya kawaida ni gogo fupi. Barafu ikivunjika Machi na Aprili inasukuma kila kitu, na gogo fupi linaishia kwenye daraja la jirani. Kanuni tunayoifuata: mti usio na mizizi uwe na urefu mara 2 ya upana wa kijito, wenye mizizi mara 1.5. Shina libanwe kati ya miti miwili iliyosimama ukingoni. Na msikate miti ya upande wa kusini wa kijito, maana kivuli chake cha mchana ndicho kinacholinda ubaridi mnaoutafuta.

Kuna jambo la maji yenyewe. Kule mashariki, kwenye mito kama East Machias, mvua ya asidi ya miaka mingi iliondoa kalisi, madini yaliyomo kwenye chokaa, kwenye udongo. Theluji ikiyeyuka maji yanakuwa makali, alumini inatoka udongoni na kushika matamvua ya smolti, naye akiingia baharini anashindwa kuhimili chumvi. Wanachojaribu huko ni kumwaga makombe ya baharini kwenye vijito. Mtu wa Lamu au Unguja hahitaji kuelezwa: kombe na tumbawe ni chokaa, na chokaa hupunguza ukali wa maji. Tofauti ni kwamba hapa hayachomwi, yanaachwa yayeyuke polepole. Yakifunikwa na tope au utelezi hayafanyi kazi tena, kwa hiyo yawekwe mahali penye mwendo wa maji na yakaguliwe. Na udhaifu wake mkubwa ni kwamba asidi huzidi wakati wa mafuriko, wakati ambao maji ni mengi kuliko makombe.

Mayai sasa. Kwenye Sandy River yamepandwa mayai mengi kwa njia hii, na ni kazi ya Januari na Februari. Yanatumika mayai yaliyokwisha kutoa macho, yaani ukiliinua yai kwenye mwanga unaona nukta mbili nyeusi. Kabla ya hatua hiyo, kutikiswa tu kunaua. Yanasafirishwa kwenye kasha la ubaridi, yamefunikwa kitambaa kibichi, hayaguswi na jua wala na hewa ya kuganda.

Mahali panapochaguliwa ni mwisho wa dimbwi, pale maji yanapoanza kuongeza mwendo na kuzama kidogo kwenye changarawe yenye mawe ya sentimita 2 hadi 10. Barafu inakatwa. Bomba la nje, lenye bomba la ndani katikati yake, linasimamishwa juu ya changarawe, na pampu inasukuma maji kwenda chini. Changarawe inaanza kutokota kama uji mzito. Tope la kahawia linapanda na kuchukuliwa na mto. Bomba linazama polepole sentimita 25 au 30. Pampu inazimwa. Bomba la ndani linatolewa, la nje linabaki likizuia changarawe isifunge. Mayai yanapimwa kwa kikombe, yanamiminwa kwa faneli pamoja na maji, unasubiri yatue, kisha bomba linainuliwa taratibu huku mawe yakijifunga yenyewe.

Ukisahau kuzima pampu, utayaona mayai ya rangi ya chungwa yakielea kuelekea baharini. Ukiinua kwa haraka yanafuata bomba. Ukipanda penye mchanga mwingi, mwezi wa Machi tope limerudi na yamekosa pumzi. Ndiyo maana tunarudi Agosti na Septemba kuhesabu vifaranga, na mahali palipotoa sifuri miaka miwili mfululizo hatupandi tena mpaka tujue sababu.

Kwa wale wanaovua: samoni wa baharini hapa Maine havuliwi kabisa. Ukimnasa kwa bahati mbaya, mfungue ndoana akiwa majini, usimwinue hata kwa picha, mwache aende.

Na kwa mtakaokuja kupima vivuko, njooni na buti ndefu, futi ya mita 30, kipimajoto na simu yenye kamera. Kila kalvati liandikiwe upana wa bomba, urefu wake, kimo cha kuning'inia, upana wa kijito kwa vipimo vitano, na joto la maji juu na chini. Picha nne: mdomo wa juu, mdomo wa chini, kijito kuelekea juu, kijito kuelekea chini. Orodha imfikie msimamizi wa barabara wa mji kabla ya majira ya baridi, maana miji mingi midogo hupitisha bajeti kwenye mkutano wa mji mwezi wa Machi. Kalvati lililozolewa na mafuriko hubadilishwa usiku kucha kwa bomba lenye ukubwa ule ule, kwa kuwa ndilo lililopo stoo na basi la shule linatakiwa kupita asubuhi. Lililopimwa mapema na kuombewa fedha mapema linapata mita zake 3.6.